Kusaka makasha njiani kupita Rhyolite: safari ya siku moja kutoka Las Vegas

Kama unaishi Las Vegas, au umekuja kumsalimia ndugu na umeshachoka kuzungushwa kwenye makasino, kuna siku moja nzuri sana unaweza kuipata kwa hela ya mafuta na maji ya kunywa tu. Unachukua barabara ya US 95 kuelekea kaskazini, unasimama simama njiani kutafuta vimakasha vilivyofichwa na watu usiowajua, unafika Beatty, unakunja kushoto, na kilomita kama sita hivi mbele unaukuta mji wa Rhyolite, mji wa dhahabu uliokufa zaidi ya miaka mia iliyopita na kuta zake bado zimesimama jangwani. Mi nimekulia upande wa Geita, mjomba wangu alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kwaiyo nilipofika pale mara ya kwanza nilijikuta nacheka peke yangu, maana kila kitu nilikuwa nakijua: rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, kelele, kila mtu anajenga, alafu kimya.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokeshi. Mtu anaficha chombo mahali, anatoa namba za mahali hapo kwa GPS, wengine wanaenda kukitafuta, wanasaini kidaftari kilichomo ndani, wanakirudisha palepale. Chombo mi nakiita kasha, na sijui kama kuna lugha imepata bahati kama yetu, maana neno la kizungu la chombo hicho, cache, likitamkwa haraka haraka linakaribia kabisa kusikika kama kasha, na kweli ni kasha. Ulianza mwaka 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na ghafla kifaa cha mkononi kilichokuwa kinakosea hadi mita mia kikawa kinakosea mita chache tu. Tarehe 3 jamaa mmoja anaitwa Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo nyeusi karibu na Beavercreek, Oregon, ndani kaweka hela kidogo, kitabu, mpini wa manati na kopo la maharage, akatangaza namba. Basi, dunia nzima ikaanza kuficha.

Sasa twende hatua kwa hatua, ila nikuambie mapema, hatua ndefu kuliko zote ni ya usiku kabla hujaondoka. Ukiikimbia hiyo utakuwa umesafiri kilomita 190 kwenda kuangalia mchanga.

Usiku kabla, ukiwa bado kwenye waifai

Pakua programu. Ipo rasmi ya Geocaching, na kwa wenye Android ipo pia c:geo ambayo ni ya bure. Fungua akaunti, chagua jina la mchezo, usitumie jina lako la kwenye kitambulisho. Ile rasmi kwa mtu asiyelipa inakuonyesha baadhi tu ya makasha, kwa siku ya kwanza hayo yanatosha, usiwape hela kabla hujajua kama unaupenda mchezo wenyewe.

Fungua ramani, fuata barabara kwa kidole kuanzia Indian Springs, Amargosa Valley, hadi Beatty na Rhyolite. Utaona alama nyingi. Usizitamani zote. Kuna sehemu za Nevada, kama ile barabara ya 375 wanayoiita ya viumbe wa angani, watu wamepanga makasha zaidi ya elfu moja kwa mstari kando ya barabara, unashuka unasaini unapanda unashuka unasaini, mi ule naona ni kama kazi ya kibarua. Chagua matano mpaka nane. Kila moja ulisome hivi:

Kwanza aina. La kawaida ni chombo kiko pale pale namba zinaposema. La vituo vingi linakupeleka mahali kwanza usome kitu, upate namba za mahali pa pili. La fumbo lazima ulitatue nyumbani, la sivyo alama unayoiona kwenye ramani ni ya uongo. Alafu kuna kasha-ardhi na kasha la mtandaoni, hayo hayana chombo kabisa, unaenda mahali unaangalia mwamba au jengo unajibu maswali. Kumbuka hayo mawili, yatakuja kukusaidia baadaye.

Pili namba za ugumu na eneo, zote zinaenda 1 mpaka 5. Ya kwanza inasema kulipata kunaumiza kichwa kiasi gani, ya pili inasema miguu itateseka kiasi gani. Una watoto au una mama mzazi kwenye gari? Usivuke 2 kwenye eneo. Eneo 5 maana yake unahitaji kifaa maalum, kamba au boti, na hakuna boti kule.

Tatu, na hii ndo wageni wanairuka, soma maandishi ya watu waliotangulia. Kama watano wa mwisho wote wameandika hawajalipata, kasha limeondoka, jua au mafuriko au binadamu vimelichukua, usipoteze muda. Kama limepatikana wiki iliyopita, lipo.

Nne dokezo. Linakuja limeandikwa kwa mafumbo, herufi zimesogezwa nafasi 13, A inakuwa N, B inakuwa O, kwaiyo mtu angeandika "jiwe" wewe ungeona "wvjr". Programu inalifungua kwa kugusa mara moja. Lifungue usiku huo uandike kwenye karatasi, maana ukiwa juani na kioo cha simu hakionekani utaniombea dua.

Namba zenyewe zinaandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, mfano N 36° 54.xxx W 116° 49.xxx, hilo ndo eneo la Rhyolite. Zile tarakimu tatu za mwisho usizidharau. Moja ya mwisho kabisa ni kama mita 1.85 kwa kaskazini-kusini, na kwa mashariki-magharibi kule ni mita moja na nusu hivi, kwaiyo ukikosea tarakimu ya katikati umeshakosea kama mita ishirini na utachimbua mawe ya watu bure. Na angalia herufi! Sisi kwetu Geita tumezoea S na E. Mi mara ya kwanza nikiingiza kwa mkono nikaweka E badala ya W kwa mazoea tu, simu ikaniambia niko umbali wa zaidi ya kilomita elfu kumi, nikadhani imeharibika, kumbe namba zile ukiweka E zinakupeleka China, jimbo la Shandong, jirani na mji wa Jinan. Shemeji yangu mpaka leo akiniona ananiuliza Wachina hawajambo.

Mwisho wa usiku huo, pakua ramani ya kutumia bila intaneti na hifadhi kurasa za makasha uliyochagua. Ukishatoka Las Vegas mtandao unakuja unaondoka kama mgonjwa wa malaria, na kuna vipande virefu hauna kabisa. GPS yenyewe haihitaji bando, inapokea kutoka angani, kinachohitaji bando ni picha ya ramani. Watu wengi wanachanganya hivyo viwili alafu wanasema GPS haikushika.

Kupakia gari

Maji ndo namba moja. Lita nne kwa kila mtu kwa siku, na zaidi ya hapo kwa ajili ya gari. Usinijibu kwamba wewe umezoea joto la Dar, Dar kuna unyevu na kuna mtu anauza maji kila hatua kumi, huku jasho linakauka kabla hujaliona na unaishiwa nguvu ukiwa unajiona mkavu kabisa. Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi Beatty inapita nyuzi 40 na ukivuka upande wa pili kwenda Death Valley ni tanuri, pale Furnace Creek ndo ilirekodiwa 56.7 tarehe 10 Julai 1913.

Tairi la akiba, na ulione kwa macho. Nilishawahi kukodi gari, mfuniko wa nyuma nikaufungua nikiwa tayari nimepata pancha, chini kuna kopo la dawa ya kuziba tu, tairi hamna, na dawa yenyewe ilikuwa imeshatumika. Tulikaa pale masaa mawili tukisubiri msamaria mwema.

Vitu vya mchezo wenyewe ni vichache: peni mbili na penseli moja (peni inakauka kwenye joto, penseli haijawahi kumwangusha mtu), glovu ngumu, fimbo ya mkono mrefu kama ile ya kuchungia, tochi, kibano kidogo cha kutolea karatasi kwenye vikopo vyembamba, pawabenki na waya wake, na vitu vidogo vya kubadilishana. Mi nabeba bangili za shanga na vipande vya kitenge nilivyoshona kama vijifuko, watoto wa Kizungu wanavipenda sana. Usiweke chakula humo ndani, wala kisu, wala pombe. Chakula kinaita wanyama, hata peremende yenye harufu ya matunda, wanatoboa chombo chote.

Viatu vya kufunika vidole. Kandambili acha nyumbani. Na kabla hujawasha gari mwambie mtu mmoja asiyesafiri na wewe unaenda wapi na unarudi saa ngapi, mwambie kabisa "kama saa tatu usiku sijapiga, anza kupiga simu".

Njiani

Toka mapema, saa kumi na mbili asubuhi iwe imekukuta barabarani. Makasha ya kando ya barabara mara nyingi ni kikopo chenye sumaku kimebandikwa nyuma ya chuma cha pembeni ya barabara, au kikopo cha filamu chini ya rundo la mawe. Toa gari kabisa nje ya lami, washa taa za hadhari, shuka upande wa mbali na barabara, watoto wabaki ndani mpaka umesema. Malori ya US 95 hayana mchezo, na upepo wake tu unakuyumbisha. Kama hakuna pa kuegesha, pita. Kuna lingine mbele.

Jaza mafuta Beatty hata kama mshale uko nusu. Beatty ni kamji kadogo, na utawakuta punda, punda kweli, wanatembea barabarani na kwenye vibaraza vya maduka kama wenye mji. Watu wanasema ni uzao wa punda wa wachimbaji wa zamani walioachwa dhahabu ilipokwisha. Tutawarudia.

Kutoka Beatty shika barabara ya 374 kuelekea Death Valley, kibao cha Rhyolite kitakuelekeza kulia. Kuingia ni bure.

Ukifika, usianze kusaka

Hii ni hatua kabisa, siyo maoni. Weka simu mfukoni nusu saa, tembea mji kwanza. Sababu moja ni heshima, nyingine ni ya kimchezo: ukishajua jengo lipi ni lipi, madokezo yanafunguka yenyewe, maana wenye kuficha wanapenda kuandika vitu kama "unaitazama benki" wakijua mgeni hajui benki ni ipi.

Kwa kifupi, Agosti 1904 watafuta dhahabu wawili, Shorty Harris na Ed Cross, waliokota mwamba wa kijani wenye madoa kwenye vilima vya pale, rangi ikawakumbusha chura, eneo likaitwa Bullfrog. Rashi ikaanza. Ndani ya miaka mitatu minne kulikuwa na watu elfu kadhaa, umeme, maji ya bomba, simu, magazeti, na reli. Mwaka 1906 tajiri wa chuma Charles M. Schwab akanunua mgodi mkubwa wa pale, Montgomery Shoshone, na tajiri akiweka hela kila mtu anaamini. Lakini mwaka huohuo tetemeko likaivunja San Francisco, mwaka 1907 mabenki ya Marekani yakayumba, hela ya kuendeshea migodi ikakauka, na mwamba wenyewe ukaonekana hauna utajiri waliousema. Mgodi ulifungwa 1911. Mwaka 1916 umeme ukakatwa. Sensa ya 1910 ilikuta watu 675 tu.

Jengo refu lenye matundu ya madirisha, ghorofa tatu, ndo benki ya Cook, lilikamilika 1908 na liligharimu zaidi ya dola 90,000, sakafu ya marumaru kutoka Italia. Marumaru ya Italia jangwani! Kwetu ukimuona mwenye duara anaanza kuweka marumaru unajua anaelekea wapi. Mbele kidogo kuna shule, ya zege, waliijenga 1909 wakati watoto wameshaanza kuondoka na wazazi wao, sijui nani alikuwa anapiga hesabu. Juu kabisa kuna stesheni ya treni, nzuri mno, bado ina paa, imezungushiwa uzio. Alafu kuna nyumba ya chupa aliyoijenga Tom Kelly, ilikamilika 1906, chupa kama 50,000, nyingi za bia. Mbao ilikuwa ghali jangwani na baa zilikuwa nyingi, kwaiyo alijenga kwa kilichopatikana.

Chini ya mji, kabla hujapanda, utapita masanamu ya Goldwell. Yale meupe kama mizimu yamejipanga kama yako mezani ni ya Mbelgiji Albert Szukalski, 1984, alichovya magunia kwenye plasta akawafunika watu hai nayo, plasta ikakauka, watu wakatoka, nguo zikabaki zimesimama. Usiende jioni peke yako kama una moyo mwepesi. Kuna na sanamu la chuma la mtafuta dhahabu, pembeni yake pengwini. Ndio, pengwini. Nenda kaone mwenyewe.

Kusaka sasa

Washa simu, chagua kasha, fuata mshale. Kama mshale unazunguka kama mlevi, chora namba nane hewani na simu mara kadhaa, dira itakaa sawa. Ukifika mita kumi punguza mwendo, ukifika mita tano ACHA KUANGALIA SIMU. Hapa ndo kila mgeni anaharibu. Simu inakosea mita tatu mpaka tano hata anga ikiwa wazi, na aliyeficha naye kifaa chake kilikosea mita zake, kwaiyo mshale ukisema umefika maana yake umefika kwenye uwanja, siyo kwenye kasha. Simama, geuka polepole, jiuliza "mi ningeficha wapi". Tafuta kitu kisicho cha asili. Mawe matano yamepangwa vizuri kupita kiasi. Jiwe moja lenye upande wa giza juu wakati wenzake wote wamepauka juani. Kichaka ambacho chini yake pamesafishwa. Mchezo una sheria kwamba kasha haliruhusiwi kufukiwa, kwaiyo ukijikuta unachimba, acha, umekosea. Na makasha mawili yenye chombo hayawekwi karibu zaidi ya mita 161, kwaiyo ukilipata moja usiendelee kupekua palepale.

Mkono usitangulie macho. Fimbo kwanza, tochi, alafu mkono wenye glovu. Kule kuna nyoka wa njuga, anatikisa mkia unasikia kama mbegu kavu kwenye kibuyu, ila siyo kila mara anakupa hiyo taarifa. Kuna nge, kuna buibui mjane mweusi anayependa sehemu zenye kivuli chini ya mbao na mabati. Pakiwa na mavi ya panya mengi usivute vumbi, panya wa kule wanaweza kubeba virusi vya hanta na vinaingia kwa pumzi.

Na kuta za mji ziache. Usivute tofali kuangalia nyuma yake, kasha linalofuata sheria haliwezi kuwa ndani ya ukuta wa kale, ukiona dokezo linakulazimisha upande jengo achana nalo na uripoti. Vilevile usiokote kitu cha mji hata kama ni kopo la kutu au kipande cha chupa ya zambarau, sehemu kubwa ya pale ni ardhi ya umma na kuna sheria ya shirikisho ya 1979 inayolinda vitu vya kale vilivyopita miaka 100. Watoto waambie mapema, maana mfuko wa mtoto ni makumbusho.

Maduara

Hapa ngoja nikae kidogo.

Vilima vinavyouzunguka mji vimetobolewa. Mengine ni mapango ya kuingilia ubavuni mwa kilima, mengine ni maduara ya wima, yananyooka chini, na mengine yamefunikwa na mbao za miaka mia au na uchafu tu, unaona ni ardhi. Sheria yangu ni fupi: huingii, husogei ukingoni, hutupi jiwe kusikiliza kina. Usiniambie unaingia hatua mbili upige picha.

Nimekulia kwenye hii kazi. Duara linaloishi lina watu kila siku, wanagonga matimba (magogo yanayoshikilia kuta), wanasikiliza, wanabadilisha yaliyolegea, na bado linaua. Duara lililoachwa tangu 1911 matimba yake ni unga uliosimama kwa mazoea. Mjomba alikuwa akikuta duara lililokaa mwezi bila watu haingii mpaka limekaguliwa, mwezi mmoja! Na siyo kuporomoka tu. Hewa ya ndani inaweza kuwa haina oksijeni na haina harufu ya kukuonya, unapiga magoti unadhani umechoka, na anayekufuata kukuokoa naye anapiga magoti. Kuna baruti za zamani zilizoachwa, zikizeeka zinatoa jasho, na hilo jasho ndo lenyewe linalolipuka. Kwenye malundo ya mawe ya mgodi na marudio (mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu) usipande pia, yanateleza na yanaweza kuwa na kemikali.

Kwaiyo ukifuata mshale ukaona unakupeleka upande wa shimo, hata kama imebaki mita nane, rudi. Mara nyingi utagundua namba uliziingiza vibaya. Ukiona uzio au kibao cha hatari, hapo ndo mwisho wa mchezo wako kwa kasha hilo, andika kwenye programu kwamba hukulipata na sababu. Kuandika hukulipata siyo aibu, ndo msaada mkubwa kwa mwenye kasha na kwa anayekuja kesho.

Umelipata

Kwanza kaa kimya. Kama kuna watalii wengine karibu, jifanye unafunga kamba za viatu mpaka wapite, maana asiyejua mchezo akikuona umeshika sanduku la risasi la jeshi la zamani (na hilo ndo chombo bora, halipitishi maji) anaweza kupiga simu polisi, au ukishaondoka wewe analichukua.

Fungua polepole, angalia lilivyokaa kabla hujaligusa, ukumbuke. Toa daftari, andika tarehe na jina lako la mchezo. Bila saini hujalipata, hata kama una picha ishirini. Ukitaka kitu kimoja cha ndani, acha chako cha thamani ileile au zaidi, ukiwa huna basi saini tu. Ukikuta kitu chenye kibati cha namba, hicho ni msafiri, siyo zawadi: kinatakiwa kiende kasha lingine, na mwenyewe anafuatilia kwenye ramani kimefika wapi. Kama hujui lini utapata kasha lingine kiache. Mi niliwahi kukibeba kimoja hadi Mwanza nikienda likizo, nikakosa pa kukiweka kwa haraka, nikarudi nacho Nevada, mwenyewe naona alikuwa anatazama ramani hajui acheke au alie.

Funga kwa nguvu, rudisha palepale, mawe yaleyale. Usiliboreshe. Ukilificha vizuri zaidi ya alivyoficha mwenyewe umemharibia anayefuata.

Andika maelezo ukishapata mtandao, na andika kwa Kiswahili kama unataka, hakuna anayekataza, mistari miwili mitatu ya kweli kuhusu siku yako inamfurahisha mwenye kasha kuliko zile herufi nne za asante ambazo kila mtu anaweka. Ila usifichue mahali, na picha ya kasha likiwa limejificha usiiweke.

Kuendelea au kurudi

Muda ukiruhusu unaweza kuendelea na 374, unavuka Daylight Pass unaingia hifadhi ya Death Valley. Huko kuingia unalipia, na makasha yenye chombo hayaruhusiwi kufichwa ndani ya hifadhi, usipoteze muda kupekua mawe. Hapa ndo yale ya ardhi na ya mtandaoni uliyohifadhi usiku kabla yanakuwa na kazi, unasimama Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, unaangalia chumvi, unajibu maswali, umehesabiwa. Usiamini simu ikikuonyesha njia ya mkato ya vumbi kule, watu wameshapoteza maisha kwa kuitii simu, baki kwenye lami.

Kama umechoka, rudi Beatty kabla ya giza. Simu iliyokuwa kwenye dashibodi itakuwa imechemka na kujizima, iweke kwenye kivuli, siyo kwenye friji ya soda kama alivyofanya shemeji. Kula kitu, jaza maji, mpigie yule uliyemuachia taarifa umwambie mko hai. Na ukiwakuta punda wamesimama katikati ya barabara wakati unatoka, usipige honi wala usiwarushie mkate, zima redio usubiri. Mara ya mwisho tulisubiri dakika kumi na mbili.